Mlango wa Sakafuni

Jumatatu, 5 Mei

Nimefika gereji saa moja kasorobo. Baridi ya kiangazi imeanza na oili ya injini imekuwa nzito, haitaki kumiminika. Nimeichemsha pipa zima juu ya makaa, nimeijaza kwenye kifaru namba moja, nimefungua chupa ya hewa ya kuwashia. Silinda kumi na mbili zimeamka mara ya tatu. Moshi mweusi hadi barabara ya Mashamba. Kuku wa jirani hawajarudi mpaka sasa.

Ndiyo kazi yangu siku hizi. Miaka ishirini na sita nimetengeneza malori ya mgodi na mashine za kuchimba. Sasa natengeneza vifaru vya jeshi. Viko vitatu, vyote vimenizidi umri. Vilishushwa Tenke kwa treni, vikaletwa Kolwezi juu ya matrela ya kubebea mashine. Watu wanafikiri kifaru kinatembea chenyewe hadi vitani. Hakitembei. Kitembeze safari ndefu, cheni zimekwisha na lami nayo imekwisha. Kinabebwa kama bibi harusi, kinashushwa mlangoni.

Mwenye gereji ni Tata Kabongo, ndiye aliyeniita. Baba zetu walitoka Kasai kuja kuchimba shaba, wakapewa nyumba zinazotazamana. Yeye ni baba wa ubatizo wa binti yangu Ngalula. Sijawahi kufanya kazi na fundi ninayemwamini zaidi yake.

Dereva wa namba moja ni Sajini Ilunga. Mume wa Ngalula. Mkwe wangu. Katika vifaru vitatu na madereva watatu, nimeangukiwa na huyo.

Jumatano, 7 Mei

Bukwe. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Vijana wa mtaani hapa Manika wameacha, wanapiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana. Mimi sijaacha. Ilunga naye hajaacha, Mungu ambariki. Ameoa kwangu miaka sita; najua mgongo wake na kikohozi chake. Uso nimeuona kwenye picha ya harusi.

Sasa tunagawana kifaru kimoja. Anakohoa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Akiwa na neno anamwambia Kabongo, Kabongo ananiletea. Leo neno lilikuwa kwamba breki ya kushoto inavuta. Nimemrudishia kupitia kwa Kabongo kwamba avute fimbo ya breki polepole, si punda huyo. Nimemsikia Ilunga akicheka upande wa pili wa chuma. Nimecheka na mimi.

Mafundi wanasema tunafanana na wapenzi waliogombana. Wapumbavu hawa. Lakini wamenichekesha.

Alhamisi, 8 Mei

Kanali amekuja kukagua. Anataka paa la wavu juu ya kila kifaru. Siku hizi kifaru hakiogopi kifaru mwenzake, kinaogopa drone, kidude cha ukubwa wa beseni, kinachoendeshwa na mtu aliyekaa mbali, ana kioo mkononi. Kinatafuta mgongo wa kifaru, ndipo chuma kilipo chembamba, kinajitupa. Tumekata nyavu nzito zilizokuwa zikichuja mawe kwenye mashine ya kusaga. Zinafaa. Kanali amezipiga picha.

Kisha akataka na bamba nene chini ya tumbo, kwa ajili ya mabomu ya ardhini. Kabongo anayo mabamba yanayowekwa kwenye ndoo za kuchimbia. Alisema ndiyo kabla Kanali hajamaliza sentensi. Mbele ya magwanda Kabongo husema ndiyo haraka mno. Namjua tangu utoto.

Mchana helikopta mbili za jeshi zimepita chini chini juu ya Manika. Watoto wamezipungia mikono. Mimi nimesikiliza. Ya pili ina gia inayolia.

Jumamosi, 10 Mei

Sikulala vizuri. Naandika ili kichwa kitulie.

Jana jioni nilijilaza chini ya namba moja kutafuta oili inayovuja. Bamba limekwisha kuchomelewa. Kazi nzuri, mshono safi. Limeziba mlango wa sakafuni.

Kifaru hiki dereva anakaa mbele peke yake, amebanwa, na mlango wake uko juu ya kichwa. Mzinga ukisimama juu ya mlango ule, haufunguki. Kwa hiyo waliokiunda waliweka mlango mwingine sakafuni, nyuma ya kiti chake, atambae atokee chini. Moto ukiwaka na mzinga umekaa vibaya, huo ndio mlango pekee alionao. Sasa hana.

Nimekagua namba mbili. Vilevile. Namba tatu vilevile. Wachomeleaji wetu wamezoea ndoo za kuchimbia, na ndani ya ndoo hakai mtu.

Nimemwonyesha Kabongo. Alijilaza kando yangu na tochi, akapitisha kidole kwenye mshono. Akaniambia:

"Mi mwenyewe nitakata, Mama Mbuyi. Bifaru byote tatu. Lundi."

Nikamuuliza kama atamwambia Ilunga. Akasema ya nini kumtia mtu woga kwa kitu kinachokatwa Jumatatu. Nikaona ana akili.

Jumatatu, 12 Mei

Hajakata. Anasema gesi imekwisha. Nimegonga mitungi, miwili imejaa.

Nimetia kufuli langu kwenye swichi kuu ya betri ya namba moja. Kanuni ya mgodini, na tumekuja nayo hapa: kila fundi ana kufuli lake jekundu, lina picha yake na jina lake. Kufuli likiwa kwenye mashine, mashine haiguswi, hata mkurugenzi aje analia. Analitoa aliyelitia. Miaka ishirini na sita sijaona mtu akivunja kanuni hii. Nimeona watu wakipigwa kwa kuifikiria tu.

Nina kufuli moja. Nimelitia namba moja.

Nimemwambia Kabongo amfikishie mkwe wangu neno hili: kifaru hakitoki, mlango wa chini umezibwa, unakatwa kwanza. Ningemtuma Ngalula ampigie, lakini askari wote wamenyang'anywa simu tangu Jumapili na wamefungiwa kambini. Adui anaiona simu kutoka angani, wanasema. Kabongo ameitikia. Jioni ameniambia neno limefika.

Kesho naenda Likasi kuchukua pini za cheni. Kabongo ameniomba. Nitalala kwa dada yangu.

Jumatano, 14 Mei

Gereji tupu.

Naandika tena ili niamini. Gereji tupu. Alama za cheni sakafuni, oili yangu imemwagika, vifaru hakuna. Mlinzi anasema walipakia jana alasiri na leo asubuhi matrela yameondoka kwenda Tenke kupanda treni. Treni inaondoka kesho kwenda mashariki.

Nimepishana navyo. Karibu na Fungurume, mimi nikiwa dirishani mwa basi dogo na mfuko wa pini mapajani. Matrela matatu yaliyofunikwa maturubai. Nilijisemea, mashine za watu zinaenda kazini. Mimi, fundi.

Kufuli langu linaning'inia kwenye msumari wa karakana. Nililishika nikitafuta mahali lilipokatwa. Halijakatwa. Limefunguliwa kwa ufunguo.

Funguo ziko mbili. Mmoja uko shingoni mwangu. Wa pili kila fundi humpa mwenzi mmoja, ili ukiugua au ukifa mashine isikwame. Wa kwangu alipewa Kabongo, mwaka Ngalula anabatizwa. Mimi ninao wa kwake.

Kabongo amekwenda na msafara. Simu yake imezimwa. Nimekaa kwenye tairi bovu, nimelia kwa hasira mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Alhamisi, 15 Mei

Tenke. Nimefika saa nne na vumbi hadi menoni. Vifaru vimeshapandishwa juu ya mabehewa, namba moja nyuma kabisa. Vimefungwa kwa minyororo, maturubai yamekunjwa nusu. Kabongo sikumwona.

Nimeanza na luteni wa msafara, kwa heshima. Nimemweleza mlango, bamba, moto. Alinisikiliza, kisha akafungua faili. Karatasi ya ukaguzi, vifaru vitatu, safi. Chini jina langu na sahihi.

"Ni weye ulisaini, mama. Sasa unakuja kutisha askari?"

Sahihi nzuri kuliko yangu. Kabongo siku zote alikuwa na mkono mzuri wa kuandika. Luteni akaniambia nikitamka neno hilo tena mbele ya watu wake nitalala ndani. Akaenda kusaini makaratasi kwa mkuu wa stesheni.

Nikaenda kwa Ilunga. Alikuwa amesimama kando ya behewa lake. Akaniona. Akafanya alichofundishwa: akainamisha kichwa, akazunguka upande wa pili. Nikazunguka. Akazunguka tena. Mara tatu, mama mkwe na mkwe wakizungushana behewa, na askari wote wanacheka. Nikaita jina lake. Sijawahi kuliita. Aliziba uso kwa kofia, akapanda, akaingia ndani ya kifaru, akajifungia.

Kwa heshima yangu. Amejificha ndani ya kitu kile kile.

Ningeligonga kile chuma mpaka vidole vivunjike. Sikugonga. Niliona aibu. Kwa umri huu, na mtu yuko ndani ya jeneza, niliona aibu.

Nilikuwa na kalamu ya rangi nyeupe, ile tunayopigia mstari kwenye boliti iliyokazwa. Nilipanda behewa nikaandika mbele, pale anapokanyaga akitoka: MULANGO YA CHINI BALIFUNGA. KATA BAMBA. MBUYI. Herufi kubwa. Dereva wa namba tatu, kijana mrefu mwenye pengo, alinipa mkono niteremke. Akanipa na maji, chupa nzima. Nikanywa.

Treni ikakaa karibu saa nzima kabla ya kuondoka. Nilikaa juu ya reli za akiba nikaitazama.

Ijumaa, 16 Mei

Kabongo amerudi. Nimemkuta gereji anafagia, yeye mwenyewe, jambo ambalo hafanyi.

Hakukana. Kanali alikuja Jumapili jioni na tarehe ya kuondoka. Alimwambia vifaru vikichelewa ataandika kwamba fundi anasaidia adui, na anajua vijana wa Kabongo wanasoma wapi. Kukata matumbo matatu kungekula siku mbili. Kabongo akafungua kufuli. Akasaini kwa jina langu kwa sababu Kanali alitaka jina la fundi mkaguzi. Likasi alinituma ili nisiwepo.

Hofu naielewa. Baba yangu na baba yake walifunzwa hofu hiyo hiyo. Kama angekuja akaniambia "Mbuyi, naogopa," ningekaa naye chini, tungeogopa pamoja, na usiku ule tungekata.

Nikamuuliza, Jumatatu alimwambia Ilunga nini. Akatazama ufagio.

"Nilimuambia: mama mukwe yako amepima yote. Nikasema iko bien, iko muzuri."

Kwa hiyo neno langu lilifika kweli, likiwa limegeuzwa tumbo juu. Na Ilunga angeuliza vipi? Mimi haniulizi. Miaka sita tumeishi juu ya mdomo wa Kabongo, sisi wote wawili, na tuliuita adabu.

Nimemwekea ufunguo wa kufuli lake mezani. Nimechukua spana zangu. Alilia. Sikumpa kitambaa.

Jumapili, 25 Mei

Hakuna habari. Misani, Kabongo alikaa benchi la mbele. Nimesimama nyuma, nimetoka kabla ya kupeana amani, nisimpe mkono.

Ngalula anauliza kwa nini sili. Nimemwambia tumbo. Hajui kitu. Nimeanza na mimi kuficha.

Jumanne, 3 Juni

Redio inasema mapigano mashariki, inasema jeshi linasonga mbele. Redio ingesema hivyo hata vifaru vikiwa mtoni.

Namwota Ilunga kila nikisinzia, anatambaa sakafuni na kupapasa. Namchukia Kabongo. Nimeandika hivyo na sitayafuta haya.

Jumapili, 8 Juni

Yuko hai.

Amepiga simu kutoka hospitali ya jeshi, miguu imeungua, mikono mizima. Ngalula aliweka sauti kubwa, akaanguka kwenye kochi. Mimi nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, kama inavyotakiwa, nimeshika sufuria nisijue ya nini.

Alisema hivi. Behewa lake lilichoma bearing ya gurudumu kabla ya Kamina. Wakaliacha hapo siku mbili, vile viwili vikaendelea. Alipotoka kukojoa alikanyaga maandishi yangu. Akatafuta fundi wa reli mwenye gesi, wakakata bamba mchana mmoja. Alipofika, namba mbili na namba tatu zilikuwa zimeshapelekwa mbele. Redio za mle ndani zilikufa zamani, hakuna njia ya kuwaambia. Drone zilivipata vyote vitatu asubuhi moja. Wavu ulisimamisha ya kwanza. Ya pili ilipita. Mzinga ulikuwa juu ya mlango wake. Alitokea chini.

"Ambia mama mukwe nilisoma," akasema.

Nikakaa chini jikoni. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Kisha akauliza jambo lingine. Madereva wenzake wawili hawakutoka. Alitaka kujua: mama mkwe aliwaandikia nao? Labda hawakuona, maana wao hawakupata siku mbili za kukaa.

Ngalula alikuja na simu hadi mlangoni, akaniangalia.

Nikamwambia: mwambie ndiyo.

Jumatatu, 9 Juni

Sikuwaandikia.

Treni ilikaa karibu saa nzima. Kalamu ilikuwa imejaa. Luteni alikuwa ofisini. Mabehewa yalikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa. Yule mwenye pengo alinipa mkono, akanipa maji, nikayanywa nikimtazama usoni, maana yeye si mkwe wangu, hakuna kinachonizuia kumtazama. Sikumwambia.

Nilijiambia Ilunga atasoma, atawaambia wenzake. Nilijiambia luteni atanifunga. Sababu ninazo. Zimekaa mstari na hata moja haitoshi. Ukweli ni kwamba sikuwafikiria. Kufuli moja nilitia namba moja, andiko moja niliandika namba moja.

Na jana nimetuma uongo kwa mdomo wa mtu mwingine. Iko bien.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepita mbele ya gereji. Kabongo alikuwa juu ya ngazi, anashusha kibao cha jina la gereji. Alisimama. Nilisimama. Hatukusalimiana. Nimekwenda.

Sijamsamehe. Ila siwezi tena kumtukana kwa raha.

Jumamosi, 12 Julai

Ilunga amerudi, kwa magongo. Yuko kwa Ngalula, chumba cha mbele.

Nimekwenda asubuhi. Sikukohoa. Nimeingia kwa mlango wa mbele na kitenge changu cha kazi, nimevuta kiti, nimekaa mbele yake. Ngalula aliachia kikombe. Ilunga alishika shuka afunike uso, nikamwambia aache.

Ni mtu mwenye uso mpana, kovu dogo juu ya nyusi. Picha haikuonyesha kovu.

Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. "Sikuwaandikia benzako. Nilidanganya. Nilikuwa na wakati, nilikufikiria weye tu."

Alitazama magongo yake. Nje mtu alikuwa anapiga mswaki. Sikumwomba anisamehe, deni hilo si lake kulifuta. Nikamwomba majina yao.

Wa namba mbili ni Kasongo, mkewe anauza mihogo soko la Manika. Wa namba tatu, mwenye pengo, ni Musafiri. Mama yake anakaa Tenke, nyuma ya stesheni.

Nimeyaandika hapa. Basi la kwanza la kesho kwenda Tenke linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.